Neno Nililompa Mama Mkwe wa Zuhura

Mtoni, Jumanne

"Kama ni bakteria, basi kawaokota kwa wanaume." Uongo. Kila mwanamke ana bakteria kwenye njia ya uzazi, hata huyo mama mkwe wa mdogo wangu Zuhura aliyeyasema hayo leo.

Lakini neno hilo la bakteria nilimpa mimi. Nilitaka yeye na wakwe wengine waache kumwita Zuhura mvivu anapogaagaa kwa maumivu ya hedhi. Nikawaeleza kuwa ana ugonjwa wa endometriosis, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, na kwamba watafiti wanachunguza kama bakteria wanachangia, ingawa bado hawana hakika.

Zuhura alinisindikiza hadi mlangoni. "Dada, ungenyamaza tu. Kuitwa mvivu nilishazoea."

Mumewe alikuwepo mama yake aliposema hayo, akatazama simu.

Shemeji, kesho mwambie mama yako, mbele ya mkeo, kwamba mkeo ni mgonjwa na hajakukosea. Usimtume mtu. Sema wewe.