Maji ya Mchana wa Ramadhani

Nyumbani kwa Lalla Batul,
Fes.
12 Ramadhani.

Mpendwa dada Rabha,

Pokea salamu za mwezi mtukufu huko Brussels. Goti linaendeleaje na hiyo baridi? Watoto wanafunga, au wanakuibia biskuti? Mimi napumua, namshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio. Ni saratani, dada, ya shingo ya kizazi, na imeshasambaa hadi nyonga. Mume wangu alimwambia shangazi yake huyu Batul kwamba nimekuja kutibiwa mgongo, nami nimenyamaza.

Napigwa mionzi kila siku isipokuwa mwisho wa wiki, na Jumatatu natundikiwa dripu ya kemo. Daktari anasema dawa inaulegeza uvimbe ili mionzi iumalize; kidole kimoja hakivunji chawa. Ila dawa hiyo inaumiza figo, kwa hiyo ninywe maji mengi. Na kwenye mionzi niingie kibofu kimejaa, matumbo yasiungue.

Ramadhani ikaingia, nami nikafunga. Ningekunywaje mbele ya Batul bila kuulizwa? Na kusema kweli, nilitamani kufuturu na watu kama sina ugonjwa. Binti anayeendesha mashine ya mionzi akanigundua.

"Shangazi, kibofu kitupu! Umefunga? Mungu kakupa ruhusa, we unamrudishia?"

Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimeanza kugoma, dripu ikaahirishwa. Daktari hakutania: "Ukifunga tena, mama, kemo naisimamisha." Nililia chooni.

Wakishanilaza pale kwenye mashine wote hutoka, mlango mzito ukafungwa. Sijawahi kuwa mpweke namna ile.

Jana Batul alitangaza nyumba nzima: "Napanda juu ya paa kuanika nguo, nitakawia!" Nguo zenyewe hakuwa nazo. Jikoni nikakuta jagi la maji, mkate wa shayiri na mafuta ya zeituni, vimefunikwa kitambaa. Unakumbuka mama alivyotutangazia hivyo hivyo tulipokuwa kwenye siku zetu, tukajificha ghalani kula, tukacheka hadi tukapaliwa? Siku hizo hazitanirudia tena, mionzi imezikata.

Nilikunywa maji yote. Mkate niliukata vipande viwili kwa mazoea yetu ya ghalani, nikala changu. Batul aliposhuka akakiona cha pili. Hakuuliza, akakifunika tena.

Msalimie shemeji Moha na wanao wote. Mungu akulinde ugenini, atukutanishe tungali na meno ya kutafunia.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka,
Itto