Askari wa Hatua Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Dukani tangu saa mbili. Duka la dawa halina wateja wengi asubuhi, kwa hiyo nacheza sataranji kwenye simu, chini ya kaunta. Leo mama mmoja kaniita mara tatu ndipo nikamsikia. Nina miaka thelathini na sita na bado najificha kama mwanafunzi. Baba akijua ni balaa.

Kuna mtu tunacheza naye polepole, kila mmoja anapewa siku tatu za kufikiri. Humo anajiita Pweza Mkavu. Ananisumbua. Askari wake, vile vipande vidogo vya mstari wa mbele, hawaendi hatua mbili hata mwanzoni, na sheria inaruhusu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeirudia michezo yetu yote minne. Askari wake wote, hatua moja moja.

Sheria hiyo ni ya nyumbani kwetu. Jirani yetu Mhindi, muuza vitambaa, alimfundisha Baba hivyo, naye Baba akatufundisha mimi na Salimu. Salimu ni mdogo wangu. Aliondoka miaka sita iliyopita. Namba yake haipatikani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Mimi ndiye niliyemsemea Salimu. Alikuwa chuoni Dar, akaacha kuingia darasani kwa ajili ya michezo ya mtandaoni. Nikamwambia Baba. Baba akamwita nyumbani, akaitwanga simu yake kwenye kinu, majirani wanatazama. Akasema, "Mimi sikuzaa mcheza kamari." Kesho yake Salimu akaondoka.

Haikuwa kamari, ilikuwa sataranji hii hii. Nilijua, nikanyamaza. Leo mimi ndiye mtumwa wa michezo ileile. Aibu tupu.

Saa saba mchana tumeanza mchezo mpya. Nimefungua kwa hatua moja. Kisha nikamwandikia: "Baba ndiye aliyekufundisha hivyo?"

Ijumaa, 10 Oktoba

Kimya. Saa nne taa ya kijani kando ya jina lake iliwaka, ikazimika. Amesoma.

Nimeharibu. Haraka haraka haina baraka, nami sikuweza kungoja hata siku moja. Akifuta jina lake humo, nitamtafuta wapi tena? Baba karudi msikitini, kaniuliza mbona nimekunja uso. Nikasingizia jino.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuna kitu. Nimetazama simu mpaka macho yanauma. Namchukia. Hapana, simchukii.

Jumapili, 12 Oktoba

Muda wake ulikuwa unaisha saa saba mchana. Nimeunguza wali. Saa sita na nusu, kimya. Saa saba kasoro dakika nne, askari wake mmoja akasogea. Chini yake ameandika: "Shikamoo dada. Baba anacheza na nani siku hizi?"

Nimelia jikoni, bila sauti. Nikamjibu kwamba hachezi na mtu, ubao uko kabatini tangu alipoondoka. Nikamwambia pia nani alimsemea, nikamwomba radhi.

Jibu lilikuja baada ya alasiri. Alijua siku zote, anasema, maana hakuna mwingine aliyekuwa anajua. Yuko Bunju, huko huko Dar, anatengeneza friji. Alhamisi hana kazi. Aje, au asije?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimemwambia Baba. Yote, pamoja na simu ya chini ya kaunta. Yeye aliendelea kumenya chungwa lake, taratibu, mpaka mwisho. Akauliza kama Salimu anakula vizuri. Nikasema sijui. Akaniachia chungwa lote, akaenda zake msikitini. Aje hakusema. Asije hakusema.

Nimemwandikia Salimu aje. Nikikosea, nimekosea.

Alhamisi, 16 Oktoba

Baba kavaa kanzu iliyopigwa pasi tangu saa nane. Anasema amekaa barazani kwa ajili ya upepo. Leo hakuna upepo.

Saa kumi na nusu bajaji ilisimama mlangoni. Salimu akashuka. Amenenepa. Alisimama palepale juani, hajui aweke wapi mikono. Baba hakuinuka. Alisogea tu pale barazani, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.