Zinki ya Bati na ya Babu

Nyumbani, nyuma ya karakana,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti hayakusumbui. Je, mapacha wa Shangazi wanakuacha ulale? Sisi hatujambo, hata Babu, na yeye ndiye sababu ya barua hii.

Kwenye simu ulisema kwamba kidonda chake cha moto mkononi, alichokipata akichomelea, kisipofunga mwezi huu, utawaacha mapacha urudi. Tafadhali nisome kwanza.

Tangu uondoke, Babu aliishi kwa chai na mkate. Nilichopika alikiona hakina ladha. "Maharage haya umeyapika au umeyaogesha?" aliniuliza. Niliumia, nikawa naongeza chumvi kimyakimya. Hakuitambua.

Mkono ulipokataa kupona, nilimpeleka zahanati. Daktari alimpima damu akakuta amepungukiwa na madini ya zinki. Alisema upungufu huo huchelewesha vidonda kupona na kuufanya ulimi usisikie ladha. Babu alicheka njia nzima. "Zinki ni ya kupaka mabati yasishike kutu. Kwani mimi nyumba?" Vidonge alivyopewa akavitia mfukoni, vikakaa humo.

Nilimuuliza mwalimu wa sayansi, kisha nikamweleza Babu kwa lugha ya karakana. Mwili unapotumia oksijeni kuunguza chakula, hutoa cheche, kama anapochomelea geti. Mwili una walinzi wa kuzizima, lakini wengine hawawezi kazi bila madini kama zinki, shaba na seleniamu, yanayotoka kwenye chakula. Walinzi wakizidiwa, cheche huziumiza seli. Mwalimu huiita hali hiyo mkazo wa uoksidishaji.

"Kwa hiyo nachomelea bila kinyago," Babu akasema.

"Na bati lako halina zinki, Babu."

Alitoa vidonge mfukoni akaomba maji. (Mwalimu alinikumbusha kwamba zinki haiupaki mwili kama bati. Babu nimemwambia, lakini bati lake hataki kuliacha.)

Sasa anakula mayai, nyama, maharage, hata mbegu za maboga, na hukagua sahani kama anayekagua geti la mteja. Kidonda kimeanza kufunga pembeni. Daktari amesema asiwashe mashine bado, naye anatii, kwa kunung'unika.

Mwalimu ameniambia kuna chuo kinachofundisha lishe. Hilo nimekwambia wewe peke yako.

Nisalimie Shangazi, na uwabusu mapacha wote wawili, asionewe mmoja. Mungu akulinde na akupe nguvu ya kuwabeba.

Nilikuwa nafunga barua Babu akaniita mezani. Alikuwa amesukuma sahani. "Mjukuu wangu, chumvi yote hii ya nini? Unataka kunikausha kama samaki?"

Kaa na mapacha, Bibi. Nimeshaipunguza.

Mjukuu wako akupendaye sana,
Kijiko