Sifuri Aishike Mwenyeji

Mwalimu wangu Nyangeta,

Tumerudi kutoka Buswahili. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kabla sijamwambia mkuu wa shule, maana yeye ataniuliza habari za dizeli ya lori, na wewe ungeniuliza habari za korongo.

Tangu ulipotuacha, Musoma imebadilika usingeamini. Sabuni ile tuliyoipangia foleni sasa imerundikwa barabarani, na wauzaji ndio wanaotubembeleza sisi. Chaki zipo, hata za rangi. Hakuna tena mwalimu anayeandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu kama wewe, na mbuzi wakaingia darasani kuulamba ubao tukiwa mapumziko. Minofu ya sangara inapanda ndege, sisi tunagombania mapanki, yaani kichwa na miiba iliyobaki. Najua ungeuliza nini. Kwa nini hapa? Kwa nini si pale? Hilo ndilo lilikuwa somo lako zima. Wengine walituandikisha maana ya jiografia tukaikariri kama sala. Wewe ulitupeleka mwaloni, pale wavuvi wanapopakua samaki, ukatuuliza furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wamekwenda wapi, ukakataa kutupa jibu. Nilikasirika siku hiyo. Sasa mimi ndiye ninayefundisha jiografia, na swali lile bado sijalimaliza.

Na vifaa! Katika miaka ile ambayo stoo ya shule ilikuwa na dira, futikamba na buibui tu, wewe hukuona shida. Kipima mvua ulikitengeneza kwa kopo la mafuta ya msaada, ukalichimbia nyuma ya bweni, na ole wake aliyelimwagia maji ya kufulia. Kipima mteremko kilikuwa protrakta, uzi na kijiwe cha ziwani. Fito za kulengea mstari ulizipaka nyekundu na nyeupe mwenyewe, kwa masalio ya rangi uliyoomba bandarini. Ulisema kifaa ni jicho la kuazima, mtazamaji ni wewe. Tulikucheka, tukakuita Mama Makopo. Ulijua, na tukikuita uliitika.

Lakini fito zile zilitaka kutuponza. Unakumbuka siku ya kwanza tulipozishusha Buswahili? Watu walitoka mashambani wakatutazama bila salamu. Sisi tulidhani wanashangaa rangi. Mama Nyasatu, yule mwenye shamba la kando ya korongo, hakushangaa chochote: aliingia jikoni, akaanza kutoa vyungu vyake na kuvifunga kwenye kanga. Kumbe mara ya mwisho fito na kamba kuonekana pale, kaya zilihamishwa zikapangwa mstari kando ya barabara. Alidhani tumekuja kumhamisha tena, akaamua safari hii vyungu vyake visivunjwe na mtu.

Mwalimu mwingine angetoa hotuba. Wewe uliutazama ule mzigo wa vyungu, ukaelewa. Ukaenda ukapiga goti mbele yake, ukamwekea mkononi ile pete ya shaba iliyo mwanzo wa futikamba. "Shika hapa, mama. Sifuri ni yako. Ukiachia, mimi sina kipimo." Akasimama kwenye pembe ya jiko lake, akaishika kwa mikono miwili, nasi tukavuta hadi ukingo wa korongo lililokuwa likimlia shamba kidogo kidogo na kulielekea jiko lenyewe. Kuanzia hapo ikawa sheria yetu, popote tulipokwenda, Nyamuswa mpaka Bunda: sifuri aishike mwenyeji. Na kila masika yakiisha tulirudi Buswahili kupima, na wewe na wenyeji mlipoanza kupanda matete na mkonge ukingoni, ulichimba mashimo na viatu umevivua.

Mwaka huu niliogopa kwenda bila wewe. Siku hizi wanakuja watu na magari, wana dira nzuri kuliko yetu, wanatafuta dhahabu. Wanapigilia vigingi, halafu mtu anasikia shamba lake limepata mwenyewe mwingine. Kwa hiyo lori letu lilipofika, vijana walikuwa wameshaziba njia, mapanga mkononi. "Rudini na hayo mafito yenu. Hapa hatupimwagi tena!" Wanafunzi wakanitazama mimi. Nilijua tukigeuka siku ile hatutarudi kamwe, na lile korongo litakwenda litakako, hakuna atakayejua limefika wapi hadi litakapofika jikoni kwa mtu.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Nikayaacha. Nikaivuta pete kutoka kwenye kasha la futikamba, nikaiweka kiganjani waione, nikapita katikati yao, moja kwa moja hadi kwa Mama Nyasatu. Sasa ni bibi, macho yamechoka. Nilipiga goti nikampa. Akaipapasa.

"Hii ya mwalimu," akasema. "Alikuwaga ananipa hii. Mwenyewe yuko wapi?"

Habari haikuwa imemfikia. Nikamwambia. Alikaa kizingitini akalia kwa sauti, na wanafunzi wangu, ambao hawakukuona hata siku moja, wakalia naye. Vijana wakasogea, mapanga wameyaacha chini. Kisha akaniuliza, "Huko mlikomlaza, sifuri alishika nani?"

Mwalimu, watu wote waliokuja kutoa pole hakuna aliyeuliza hilo. Nikamweleza. Kwamba tulikuzika Buhare, nyumbani kwenu, na wachimbaji walipotaka kupima kaburi nilileta futikamba hiihii. Kwamba nilibaki nimesimama na pete, sijui nimpe nani, hadi mama yako mzazi alipoinuka kutoka mkekani. Akaichukua bila kuambiwa, akaiweka pale ambapo kichwa chako kingelala, akaishikilia mpaka tukamaliza.

Bibi akajifuta uso kwa kanga.

"Mama yake. Basi yuko kwao." Akainuka, akaenda kwenye pembe ya jiko. "Haya, vuteni."

Tukavuta. Korongo halijasogea, Mwalimu! Mvua zote zile, na ukingo uko palepale ulipouacha. Matete yako yameshika. Wanafunzi walishangilia, wale vijana nao wakaanza kubishana nani atashika fito. Mimi nilijifanya naangalia dira.

Pumzika sasa, Mungu akutunze. Fito nitazipaka rangi upya kabla ya masika, na Buswahili tutarudi. Na siku nitakapochoka kutembea, nakuahidi, pete hii sitampa mwenye cheti kikubwa. Nitampa atakayekumbuka kupiga goti kabla ya kupima.

Kwaheri, Mama Makopo. Najua umeitika.

Mwanao wa darasani,
Bwire