Nyama ya Chuo Ilikokwenda

Mama yangu mpendwa,

Salaam aleikum huko ulikolala. Wateja wa mchana wameshaondoka, nimekaa meza ya nyuma ya hoteli yangu hapa Isiolo, na nina habari ambayo hutaifurahia.

Unakumbuka miaka ile ya sabini, ulipokuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu nami nikisoma palepale? Pilau yako ya Ijumaa ilinukia hadi barabarani. Maharagwe uliyachambua mwenyewe kwenye ungo, ukiniambia, "Amina, mtoto wa mtu halishwi mawe."

Halafu akaletwa Yusufu, karani wa stoo. Maziwa yakawa maji. Nyama ikapotea, ukabaki mchuzi wa chumvi. Wanafunzi walipogoma wakigonga sahani, alisimama katikati ya bwalo akakunyooshea kidole.

"Mwizi wa nyama ndiye huyu! Muulizeni wanawe wanakula nini."

Nilikuwa pale, Mama, kijiko mkononi. Ulinikataza kwa macho nisiseme kitu. Ukavua aproni, ukaikunja vizuri, ukatoka. Uliowapikia wakakuzomea mpaka langoni.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuita tena kupika harusini. Ulipougua uliniambia, "Mwachie Mungu." Nikaitikia. Nilikudanganya.

Nilipofungua hoteli, Guyo, dereva wa lori la chuo, akawa mteja wangu. Siku moja alionja pilau akaacha kula. "Huu ni mkono wa mamako," alisema, kisha akanieleza yote. Nyama alikuwa akiibeba yeye mwenyewe, kila Alhamisi, kuipeleka bucha ya kaka wa Yusufu. Alinyamaza kwa kuogopa kufutwa. Ningeweza kumfukuza. Nilimwongezea nyama, kwa sababu nilimhitaji.

Juzi, siku ya soko, Yusufu aliingia na wafuasi wake. Anataka udiwani. Alisalimia kila meza, akanifikia.

"Dada Amina, kura yako naitegemea."

"Kwanza waambie watu nyama ya chuo ilienda wapi."

Akacheka. "Hayo ni ya zamani, dada."

Guyo akasimama. "Ilienda bucha ya kaka yako. Mimi ndiye nilikuwa nabeba."

Pale pembeni alikuwepo mwalimu mmoja, miongoni mwa wale waliokuzomea. Aliinamisha kichwa, chakula kikapoa mbele yake. Wafuasi wa Yusufu walitoka mmoja mmoja, na kufikia jioni hiyo mji wote ulikuwa na habari.

Jana Yusufu alirudi peke yake. "Nisamehe, dada. Waambie yamekwisha. Nina watoto."

"Hata mama yangu alikuwa na watoto."

Alilia. Nilimtazama mpaka akamaliza, na nilisikia utamu, Mama. Sitakudanganya mara ya pili. Kila alipojifuta machozi nilikuona ukikunja ile aproni, nikatamani alie zaidi. Sikumsamehe, na sina nia hiyo. Ukiwa umenikasirikia, una haki. Ila sikuweza kuishi katika mji huu nikikusikia ukiitwa mwizi.

Leo asubuhi yule mwalimu alikuja kabla sijawasha jiko. Hakutaka chai. Aliuliza kaburi lako liko wapi. Nikamwelekeza njia, nikarudi ndani. Sikumsindikiza.

Pumzika, Mama. Jina lako ni safi.

Binti yako asiyesikia,
Amina