Baba Yenu Amesimama

Elieth na Derick,

Chai iko kwenye chupa. Mbuzi hajafungwa, furaha imenisahaulisha. Nakimbilia Bukoba hospitali.

Asubuhi simu ililia nikaogopa kuipokea. Tangu juzi baba yenu alipopasuliwa ile saratani ya tumbo, nilikuwa nawaza mabaya tu. Kumbe ni yeye mwenyewe! "Mama Elieth, nimetembea mpaka dirishani." Nikamfokea, "Nani kakuruhusu? Rudi kitandani!" Akacheka huku akilalamika kidonda kinavuta. Eti siku hizi madaktari hawataki mgonjwa alale tu akisubiri kupona. Walimsimamisha jana, na leo ameanza uji, kijiko kimoja kimoja. Mimi niliyelia usiku kucha hakuniuliza hata nimelalaje. Kauliza, "Uji wako unakuja lini? Wa hapa hauna ladha."

Nilipiga kelele mpaka Kokuhirwa jirani akaja mbio na khanga kichwani, akidhani tumefiwa. Tukaishia kucheza wote wawili uani.

~~Derick, chinja jogoo nimpelekee.~~ Acha, nyama bado hawezi.

Jioni watu wa jumuiya wakija kumwombea, waambieni leo tunashukuru. Imbeni kwa nguvu, mnipigie simu asikie.

Mama yenu