Simba Ndani ya Bangili

Bulla Pesa, Isiolo
Jumapili

Kwa mdogo wangu Kabale,

Salaam aleikum. Natumaini uko mzima huko Kinna, goti lako limepoa, na mahindi yenu ya Rapsu yamepata maji. Sisi huku tuko salama, ila nyumba ni kimya. Ukiona namba yangu kwenye simu hupokei, kwa hivyo naandika kwa mkono wangu, ingawa unajua shule sikuikalia.

Shule yangu ilikuwa vijiko. Nilipofanya kazi kwa yule mama Mzungu wa Timau, kila Jumamosi nilisugua vijiko vyake vya fedha, naye akanifundisha kusoma alama zilizo mgongoni mwa mpini wa kijiko. Simba anayetembea, hiyo ni fedha ya kweli. Kichwa cha chui, kimepigwa muhuri London. Kichwa cha mfalme, ni cha zamani sana. Hakuna simba? Hicho kimepakwa fedha juu tu, kirudishe jikoni. Alipoenda kwao aliniachia sanduku la vijiko hivyo. Vingine nimeokota mwenyewe kwa Mungania wa vyuma chakavu, nikichambua rundo lake huku akinicheka, eti nyanya anatafuta kijiko cha uji wa nani. Acheke.

Wewe ulikuwa hapa vijiko viwili virefu vya kupakulia vilipopotea. Ulilia kunishinda. Ukauliza nani mwingine ana ufunguo wa sanduku isipokuwa Lul, mke wa mwanangu Elema, na ni wewe uliyeniambia nipekue mkoba wake. Nami nikaumwaga uwanjani, majirani wakitazama, nguo zake za ndani kwenye vumbi. Hakukuwa na kitu. Nikasema basi ameshauza. Lul hakunitukana. Aliniambia tu kwamba miaka tisa ameniita mama, kumbe mimi ni mama wa vijiko. Akachukua watoto, wakapanda pikapu ya kwenda kwao Merti. Tangu siku hiyo Elema ananisalimia akiwa mlangoni. Haketi.

Halafu harusi ya mjukuu wako Talaso. Ulisimama mbele ya watu ukasema dada mkubwa ndiye atamvalisha bibi harusi bangili. Zilikuwa nzuri, nene. Nikapitisha kidole ndani, nione kama zitamkwaruza mtoto. Kidole kikagonga alama. Nikageuza kwenye mwanga. Simba, Kabale! Anatembea, na chui wake, na mfalme wake.

Nilipiga vigelegele kama wengine, siku ilikuwa ya mtoto. Niliporudi Isiolo nikaenda moja kwa moja kwa Dadacha, mfua fedha. Hakuficha. Alisema ulileta vijiko ukidai nimekupa, yeye akataka kuviyeyusha, ukamharakisha eti harusi imefika. Basi akakata vichwa vya vijiko, akaikunja mipini yake tu ikawa bangili. Vile vichwa uliondoka navyo kwenye leso.

Ungeniomba ningekupa, mjinga wewe. Ningekuchagulia vizuri kuliko hivyo. Lakini uliona afadhali nimfukuze mtoto wa watu.

Nami sijifichi nyuma yako. Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Elema. Mkoba ulipomwagika nikaona hakuna kitu, moyo wangu ulijua Lul hana kosa. Nilijua hapo hapo. Niliendelea kufoka kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Bangili ni za Talaso, asiambiwe lolote. Wewe njoo Alhamisi na leso yako na vile vichwa viwili. Tutapanda gari la Merti pamoja. Utaviweka mbele ya Lul kwa mkono wako, useme ulichofanya. Ukimaliza, nitasema changu. Usipokuja nitaenda peke yangu, na huko nitasema cha wote wawili.

Wasalimie watoto wote. Goti likande kwa maji ya moto, safari ni ndefu.

Ni mimi dada yako, na hilo huwezi kulikata ukalikunja,

Gumato